Siku Moja Maishani Mwangu: Mwalimu wa Sayansi na Maboga Darasani

Saa 1 asubuhi. Nakata vifuniko vya maboga kabla watoto hawajafika. Kisu kikali hakitoki mkononi mwangu. Wao watapewa vijiko vya chuma na visu vya plastiki vyenye meno butu. Nakilaza kisu ili mkato uwe wa mshazari, maana ukikata wima kifuniko kinatumbukia ndani. Boga kubwa kuliko yote naliacha zima.

Saa 2. Beseni la maji mbele ya darasa. Hakuna kugusa kitu kabla ya kukisia, na kila mtu aandike alichokisia. Hapo sina mzaha: mtoto ambaye hajakisia ataona tukio na kulisahau. Boga hili litazama au litaelea? Karibu wote wameandika litazama, kwa kuwa ni zito. Naliweka majini, linaelea. Kelele! Kisha natupia kokoto ndogo, inazama moja kwa moja. Kumbe uzito peke yake hautoshi kujibu. Mmoja anadai ndani kuna hewa. Umejuaje? Kimya. Basi tulipasue tuone.

Saa 3. Kukomba. Wapo wanaoziba pua, wapo waliozamisha mikono hadi viwikoni. Nawaambia wasivute mbegu ovyo, kwanza watazame imeshikwa na nini. Wanakuta zile nyuzi telezi, njia iliyopitisha chakula kutoka kwa mmea mama. Ugomvi unazuka: boga ni tunda au mboga? Jikoni liite utakavyo. Kwa mtaalamu wa mimea ni tunda, kwa sababu limekua kutokana na ovari ya ua na limebeba mbegu. Mmea wa boga hutoa maua ya kiume na ya kike kando kando, yote kwenye mmea uleule. Nyuki wasipobeba chavua, hakuna boga.

Saa 4 na nusu. Mapumziko, kunawa mikono.

Saa 5. Kuchonga macho na mdomo. Watoto wanaisubiri kwa hamu kuliko yote, ila kisayansi ndiyo sehemu nyepesi, kwa hiyo naipa dakika chache tu. Nataka ule mdomo kwa kazi nyingine. Tunavaa miwani ya kukinga macho. Ndani ya boga naweka chupa yenye haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 na sabuni ya maji, kisha namimina hamira iliyokorogwa kwenye maji ya uvuguvugu. Muda si muda povu linatoka mdomoni, boga linatapika. Wengi wanasema hamira inapumua kama kwenye unga wa mkate. Hapana. Hamira ina kimeng'enya kiitwacho katalesi, kinachovunja peroksaidi kuwa maji na oksijeni, na sabuni inainasa ile gesi. Kipimajoto kinapanda: mmenyuko huu unatoa joto.

Saa 6 na nusu. Vipande viwili vya nyama ya boga, kila kimoja kina kishimo. Kimoja nakitia chumvi, kingine nakiacha kikavu. Tunakwenda kula. Tukirudi, kile cha chumvi kimejaa maji na hakuna aliyeyamimina. Ni osmosisi: chumvi imeyavuta kutoka ndani ya seli. Karibu asilimia 90 ya boga ni maji, kwa hiyo hayakosekani.

Saa 8. Mitungi ya kuozesha: kipande kikavu, cha chumvi, na kilichofukiwa kwenye udongo wenye unyevu. Kipi kitaota ukungu kwanza? Wanaandika makisio yao. Mitungi haitafunguliwa tena, sitaki mtu avute vijimbegu vya kuvu.

Saa 9. Nasugua meza. Msichana mmoja amebaki mlangoni na begi lake.

“Mwalimu, kwenye maji ya chumvi boga litaelea juu zaidi?”

“Wewe unakisiaje?”

Anafikiri, anasema litazama kidogo zaidi kwa sababu chumvi italifyonza maji. Sijamjibu. Nimemwambia aiandike kwenye daftari, nami nimeweka pakiti nzima ya chumvi kando ya beseni kwa ajili ya kesho.