Nilivyoifuta draiva yangu ya mizani

Mwaka jana nilikuwa nahangaika na mizani moja ya USB dukani kwa shangazi, draiva yake, ile programu ya kuifanya kompyuta ielewane na kifaa, ni ya Windows tu na kompyuta ya pale nilishaiwekea Linux kitambo, basi nikawaandikia waliouza nikaomba maelezo, wiki ya pili jamaa wa ufundi akanitumia zip kimyakimya, "kila kitu kimo humo, komaa". Kweli kilikuwemo. Msimbo wa draiva yenyewe, maandishi ya programu kama walivyoyaandika! Juu ya kila faili wameandika ni siri ya kampuni, marufuku kunakili wala kusambaza, mi nikayaruka kama tunavyoruka masharti tukisajili laini.

Siku nne tu draiva yangu inasoma uzito, raha tupu, nikaipachika leseni ya GPL, kesho yake naimwaga hadharani. Usiku napitia faili nakutana na kigezo kinaitwa "calibraton", i ya pili haipo. Hilo kosa si langu. Nafungua zip, lipo vilevile, na mistari inayofuata nayo ni ileile nimebadilisha majina tu. Jasho likanitoka.

Maana GPL unampa kila mtu haki ya kunakili na kubadilisha, sasa hiyo haki nampaje mtu wakati mimi mwenyewe sina? Na balaa haliishii kwangu, kila atakayeichukua anaingia nayo, na ukishaipeleka kwenye git ya watu, ghala linalotunza kila badiliko la msimbo, hata ukifuta kesho historia inabaki. Kwenye kerneli, kiini cha Linux yenyewe, ndo usiseme, kila kiraka, yaani badiliko unalowatumia, kina mstari wa Signed-off-by, unasaini kwamba una haki ya kuitoa hiyo kazi, utaratibu wenyewe ulikuja 2004 baada ya kampuni ya SCO kuishtaki IBM 2003 ikidai msimbo wake umeingizwa kwenye Linux.

Nikafuta yote. Shida faili linafutika, kichwa hakifutiki, ningeandika upya ningetoa kilekile. Nikakumbuka draiva ya Wi-Fi ya Broadcom kwenye Linux, kundi moja lilichambua draiva ya kampuni likaandika maelezo, kundi jingine likaandika draiva kwa kusoma maelezo tu. Ila mimi hata maelezo sikuthubutu kuandika, ile zip ilikuwa siri ya watu.

Nikamwita dogo mmoja wa mtaani anasoma kompyuta, hajaiona zip kabisa. Mkataba wa draiva ya Windows tukausoma kwanza, safari hii hadi mwisho, kuangalia pakiti, yaani data zinazopita kwenye USB, haukukataza. Akaendesha Windows ndani ya mashine pepe, kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta, Linux huku nje inarekodi pakiti kwa usbmon, anazisoma kwenye Wireshark. Akaweka jiwe la kilo moja, baiti mbili zikabadilika zikawa E8 03, namba za kuhesabu kwa kumi na sita. Akaweka la kilo mbili, D0 07. Akakaa kama dakika kumi anakuna kichwa halafu akapiga kelele, "Kaka, ni gramu! Zimegeuzwa tu, 03E8 si ni 1000!" Shangazi akadhani tumeona nyoka.

Draiva ya dogo imemchukua miezi miwili, yangu siku nne, lakini iko hadharani kwa jina lake na daftari la majaribio yote analo. Imebaki kitu kimoja, ukitoa sufuria ya kupimia uzito unaenda chini ya sifuri namba zinavurugika. Jibu nalijua, nililiona kule. Juzi kaniuliza, nikamwambia rudisha sufuria, itoe tena, angalia baiti.