Leso ya Baba

Jumamosi mwanangu alinipigia simu kutoka Arusha. Yuko kaunta ya duka la rangi, Noah yake imeshapigwa msasa, fundi anasubiri. "Baba, kuna ya bei ya chini na kuna hii ya hadena, karibu mara tatu. Kwenye kibati cha mfano naona zinang'aa sawa tu. Nichukue ipi?"

Nilikaa kimya mpaka akadhani simu imekatika.

Kaunta kama hiyo niliwahi kusimama, Moshi mjini, Novemba 1993, bahasha ya Baba mfukoni. Baba alikuwa na Peugeot 504. Ndiyo ingetangulia msafara wa kupeleka mahari Marangu, na Baba alishasema haingii uani kwa watu na gari lenye mabaka. Fedha alinihesabia mwenyewe, noti kwa noti. "Ya hadena. Usiniletee nyingine."

Tofauti niliijua. Fundi rangi wetu wa Majengo alikuwa amenieleza huku akikoroga puti: rangi ya tina, ile inayoyeyushwa kwa tina tu, inakauka kama nguo kwenye kamba, tina ikiruka basi, na siku ikikutana tena na tina inarudi kuwa uji. Ya hadena ni vitu viwili, rangi na hadena yake, vinavyoshikana vyenyewe. Ukichelewa kuipuliza inakugandia ndani ya bomba, lakini ikishakauka juu ya bati, imekauka. Hata petroli ikiimwagikia unafuta tu. Yote hayo niliyasikia, nikayaelewa, nikanunua ya tina. Mbege, pombe yetu ya ndizi, ilikuwa imelipiwa nusu. Mbuzi wa ndafu alikuwa hajalipiwa kabisa, na watu wa kuwakopa nilikuwa nimewamaliza. Chenji ikaenda huko. Fundi nilimwambia Mzee amebadili mawazo.

Msafara ulikwenda, tukapokelewa vizuri, mahari ikapokelewa. Baba, kata ya mbege mkononi, alimshika mkwe wangu bega akampeleka mpaka kwenye boneti, akapitisha kiganja juu yake. "Hii ni ya hadena. Kijana ndiye aliyeisimamia."

Mwezi wa pili, asubuhi, nyumbani Kibosho. Baba alikuwa anatia petroli kutoka kwenye dumu, mimi nimeshika faneli. Mkono wangu ulitikisika kidogo na mchirizi ukashuka kwenye madigadi ya nyuma, chini ya mfuniko wa tangi. Akachomoa leso yake nyeupe, ile aliyokuwa akiinyoosha kwa pasi ya mkaa kila Jumamosi usiku, akafuta mara moja, juu kwenda chini.

Leso ikatoka ya buluu.

Aliitazama. Akaigeuza upande safi, akafuta tena, safari hii polepole, kwa ncha ya kidole kimoja, kama mama anavyopima joto la uji wa mtoto. Buluu tena. Pale kwenye bati palibaki mfereji uliofifia, kijivu cha praima, rangi ya chini, kikichungulia katikati. Kuku walikuwa wanachakura chini ya migomba na nakumbuka niliwahesabu: saba. Maneno nilikuwa nayo tayari mdomoni, mbuzi, mbege, deni, yote yamepangika. Baba akaikunja leso mara nne, buluu ikabaki ndani, akaitia mfuko wa koti.

"Funga tangi," akasema. Tukaenda kanisani.

Hakuniuliza siku hiyo wala nyingine yoyote. Paa na boneti vilianza kupauka hata mwaka haujaisha, maana huko ndiko jua la saa sita linakopiga. Kila Jumamosi Baba alivipiga polishi, na kitambaa kikaondoka na buluu kidogo kidogo mpaka pembe za boneti zikabaki praima tupu. Wageni wakiuliza, aliwajibu kwamba jua la Moshi ni kali.

Nilimwambia mwanangu achukue ya hadena. Nikamsisitizia asiliache gari na praima tupu kungoja fedha, kwa sababu praima hunywa maji, na mvua moja inatosha kuanzisha kutu chini yake. Nikamwambia pia amnunulie fundi barakoa yenye chujio la kemikali, kwa kuwa mvuke wa hadena unaharibu mapafu. Fundi wetu wa Majengo alikuwa anajifunga kipande cha kanga tu, na hakuna aliyemwambia kitu, mimi nikiwemo. Mwanangu alipotaja fedha iliyopungua, nilimtumia yote kabla hajamaliza sentensi.

Tangu hapo nafikiria yule mbuzi. Asingekuwepo, Baba angeingia uani Marangu na gari zuri na mikono mitupu, na sijui ni aibu ipi angeichagua kama ningemwuliza. Sikumwuliza. Alifariki Peugeot ikiwa bado chini ya mparachichi.

Baada ya mazishi nilimwuliza Mama kama aliwahi kufua leso yenye doa la buluu. Alisema nguo za Baba alizifua zote kwa mkono wake, miaka yote, na leso ya namna hiyo hakuiona.