Nilivyohamishia XSLT kwenye seva

Kuna chama cha akiba na mikopo hapa Nairobi ambacho mfumo wake wa zamani hutoa taarifa za wanachama kwa XML tupu, yaani data iliyowekewa alama bila sura ya ukurasa. Miaka yote brauza ndiyo iliyoigeuza kuwa ukurasa wa kusomeka, kwa kutumia XSLT, lugha ya kugeuza XML kuwa umbo jingine. Mwaka 2025 watengenezaji wa Chrome walipotangaza mpango wa kuiondoa XSLT, mhasibu akaniuliza, "Sasa kaka, wanachama wataona nini?" Nikaamua Tomcat, seva ya programu za Java, ifanye kazi hiyo yenyewe.

Niliweka filta, msimbo ambao majibu hupitia, mbele ya servleti za zamani (programu za Java zinazojibu maombi), nazo sikuzigusa. Filta huidaka XML, huigeuza, kisha hutuma HTML. Hapo uhakikishe Content-Length (kichwa kinachotaja urefu wa jibu) ya XML haipiti, maana HTML ina urefu wake. Ikipita, ukurasa unaweza kukatika katikati.

Kiini cha kazi ni Templates, yaani stailishiti (faili la maelekezo ya XSLT) ikiwa imeshakompailiwa. Ukisoma faili la XSLT kila ombi linapoingia, stailishiti inakompailiwa upya kila mara, na msimu wa gawio, kila mtu akitaka kuona chake, seva inahema. Muuza chapati hakandi unga upya kwa kila mteja. Programu inapoanza tu, ninaunda Templates na kuihifadhi kwenye ServletContext, hifadhi ya pamoja ya programu nzima. Thredi nyingi zinaweza kuitumia kwa pamoja bila kugongana. Transformer, inayofanya ugeuzaji wenyewe, ndiyo isiyoshirikiwa: kila ombi huomba yake kwa newTransformer, likimaliza inatupwa.

Injini ya XSLT nayo nilitaka kuichagua mwenyewe. Ile inayokuja na JDK (kifurushi cha Java) inaishia XSLT 1.0, ya mwaka 1999, na kupanga miamala kwa mwezi humo ni mazingaombwe ya funguo na generate-id. Saxon-HE, injini nyingine, ina for-each-group, amri ya kupanga kwa makundi, nami nikafuta mistari mingi kwa furaha. Ila unapounda injini usiite newInstance bila jina, kwani itaokota injini itakayoikuta kwenye classpath, mahali Java inapotafuta maktaba. Nilitaja wazi net.sf.saxon.TransformerFactoryImpl.

Tokeo nalipeleka kwenye OutputStream (mkondo wa baiti) badala ya Writer (mkondo wa herufi), ili encoding, yaani namna herufi zinavyogeuzwa kuwa baiti, iliyoandikwa kwenye xsl:output ndiyo ifuatwe.

Mwisho nikafunga milango. URIResolver yangu, inayotafuta faili zinazoitwa na stailishiti, husoma import na include kutoka WEB-INF pekee (folda ambayo wageni hawaifikii), na kisomaji cha XML kinakataa hati yoyote yenye DOCTYPE, tamko la mwanzo linaloweza kuvuta faili za nje. Mfumo ule wa zamani hautumi DOCTYPE, kwa hiyo hakuna mwanachama aliyeathirika.