Nilivyoondoa chenga kwenye picha zangu za alfajiri

Picha zangu za alfajiri pale mwalo wa Igombe, Mwanza, zilikuwa na chenga tupu, yale madoadoa kama mchanga, hasa kwenye weusi wa maji na kwenye nyuso za watu. Nilishika sana nililoambiwa tangu nianze: usipandishe ISO, ile namba ya kamera inayoing'arisha picha. Naiacha 400, picha inatoka giza, nikifika nyumbani naiongezea mwanga kwenye kompyuta. Chenga zilizaliwa hapo.

Asubuhi moja nilimwamkia mama mmoja aliyekuwa anaanika dagaa, nikamwomba nimpige picha.

“Marahaba. Piga tu mwanangu, ila mimi sisimami. Jua likitoka nataka wote wawe wameshatandazwa.”

Kwa kuwa hasimami, spidi ya kufyatua ilibidi ibaki 1/250 ya sekunde, la sivyo mikono ingefifia. Nikapiga moja kwa ISO 400, nyingine kwa 3200. Nyumbani nikaiongezea mwanga ile ya kwanza mpaka zikalingana. Kwa kamera yangu hii ya zamani, ya 3200 ilikuwa safi zaidi kwa mbali! Chenga huletwa hasa na uhaba wa mwanga unaofika kwenye sensa, kile kipande kinachonasa picha ndani ya kamera. ISO inakuza tu kilichoingia.

Basi nikaanza kutafuta mwanga wenyewe. Lenzi iliyokuja na kamera, nikivuta karibu, inaishia f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni pana zaidi). Nikanunua ya mtumba, 50mm f/1.8, ambayo hupitisha mwanga karibu mara 10 zaidi. Hela yangu haijawahi kwenda mahali pazuri kama hapo. Ila ikifunguliwa yote, jicho likiwa kali sikio tayari limefifia, kwa hiyo fokasi naiweka kwenye jicho, na mwanga ukiruhusu nabana hadi f/2.8.

Jiwe la Bismarck, ule mwamba maarufu wa ziwani hapa Mwanza, halitembei, hilo ni rahisi: stendi, ISO 100, f/8, na kamera ijifyatue yenyewe baada ya sekunde 2 ili kidole kisiitikise. Mwanzoni niliisimamisha stendi kwenye gati la mbao. Kila mtu akipita, mbao zinacheza na picha inaharibika. Sasa naiweka juu ya mwamba. Mwanza miamba haikosekani.

Yule mama nilimsafishia picha, nikampelekea. Aliisogeza mlangoni penye mwanga, akaitazama kimya kwa muda mrefu.

“Mwanangu, mpaka mchanga kwenye kanga yangu unaonekana.”