Kupanda Igatpuri Kujifunza Kukaa

Treni inayotoka Mumbai kuelekea Nashik husimama Kasara ifungiwe vichwa vya ziada, maana kuanzia hapo reli inaikwea milima ya Sahyadri na kichwa kimoja hakifui dafu. Unaingia handaki, unatoka, unaona bonde, giza tena. Igatpuri iko juu ya mpando huo, kama kilomita 135 kwa reli kutoka Mumbai. Wageni wengi wanaoshuka pale na mabegi mgongoni wanakwenda nilikokuwa nakwenda mimi: Dhamma Giri, kituo cha taamuli ya vipassana, njia ya Kibudha ya kuitazama akili na mwili jinsi vilivyo, ambacho kimekuwa kikiendesha kozi tangu 1976.

Mwanzilishi wake ni S. N. Goenka, mfanyabiashara mwenye asili ya India aliyezaliwa Mandalay, Burma (Myanmar ya leo), mwaka 1924. Habari zake nazipenda kwa kuwa hazina miujiza. Alisumbuliwa na kipandauso, madaktari hadi wa ng'ambo wakashindwa, akaelekezwa kwa Sayagyi U Ba Khin, mtu aliyekuwa Mhasibu Mkuu wa serikali ya Burma na bado akapata muda wa kufundisha taamuli. Mzee yule akamkatalia kwanza. Yeye hatibu vichwa. Anayetaka kuisafisha akili yake na aje, na maumivu yakiondoka, iwe ni nyongeza tu. Goenka alihamia India mwaka 1969, akafariki mwaka 2013, na mpaka leo kozi huongozwa kwa sauti yake iliyorekodiwa.

Kozi ni ya siku kumi. Unakabidhi simu, vitabu, hata kalamu. Kisha unaahidi kutoua, kutoiba, kutosema uongo, kujiepusha na ngono ya aina yoyote na vileo. Kuanzia jioni hiyo ni kimya: hakuna kuzungumza wala kuashiriana, na macho ya jirani unayakwepa. Watu huniuliza kama kimya kilinitesa. Hapana. Kisichokuwa na huruma ni ratiba: kengele saa kumi alfajiri, kikao saa kumi na nusu, na mpaka taa zinapozimwa saa tatu na nusu usiku unakuwa umekaa kitako kama saa kumi nzima.

Siku tatu za mwanzo unapewa kazi moja tu, nayo ni kuitazama pumzi inavyoingia na kutoka puani. Huivuti kwa makusudi, huihesabu, hurudii neno lolote moyoni. Baadaye uwanja unapunguzwa: ni ile sehemu ndogo kati ya tundu za pua na mdomo wa juu, basi. Utadhani ni mchezo wa watoto. Mimi nilikuwa nikifuata pumzi mbili, labda tatu, kisha najikuta katikati ya ugomvi wa zamani, najibu kwa ufasaha ambao siku yenyewe sikuwa nao. Narudi puani. Punde niko kwenye bili ambayo haijalipwa. Narudi. Ilinichukua muda kuelewa kwamba huko kurudi ndiko mazoezi yenyewe, na kwamba kujilaumu kwa kuondoka ni namna nyingine ya kuondoka. Nilikuwa nimekwenda nikitafuta kichwa kitupu; hicho hakikuwemo kwenye kozi.

Siku ya nne inaanza vipassana yenyewe. Unaupitia mwili kwa makini, utosini hadi vidoleni, ukitazama kila kinachohisika: joto, mapigo, mchonyoto, ganzi. Mara tatu kwa siku mnakaa saa nzima bila kufumbua macho wala kusogeza mikono na miguu. Hapo ndipo nilipokutana na mwasho. Ulianza chini ya jicho la kushoto, mdogo, ukapanda mpaka nikaamini kuna mdudu anatembea. Mkono ulishaanza kunyanyuka wenyewe. Nikauacha gotini, nikauchunguza ule mwasho: una kingo, unadunda, katikati una joto kuliko pembeni. Ukapanda, ukasimama, ukapungua, ukaisha. Hakukuwa na mdudu. Mafundisho ya kwamba kila kitu hupita nilikuwa nimeyasikia mara nyingi. Shavuni sikuwahi kuyapata.

Goti halikuwa na adabu hiyo. Goti liliuma mpaka kengele, nami nikaomba kiti, wakanipa bila maneno.

Sitamwambia kila mtu aende. Kituo chenyewe huwauliza waombaji kuhusu afya ya akili, na wenye matatizo makubwa hushauriwa wasijiandikishe, nami naona wana haki: vikao vile huibua mambo, na mwalimu unamwona kwa dakika chache tu za maswali. Atakaye kuonja tu, dakika kumi za pumzi nyumbani zinamtosha kwa kuanzia.

Siku ya kumi kimya hufunguliwa, na kelele zinazofuata ni za soko. Malipo hawapokei mtu anapofika. Gharama zako zimeshabebwa na waliotangulia, na ni aliyemaliza kozi tu anayeruhusiwa kuchangia, kiasi apendacho, kwa ajili ya watakaofuata. Unaondoka wakikuusia ukae kwa muda wa saa nzima asubuhi na saa nzima jioni kila siku. Mimi nusu saa ya alfajiri naimudu. Ya jioni, mara nyingi usingizi hunitangulia.