Neno kutoka benchi la nyuma

Lilisemwa kwa sauti ya chini, nilipomwita kijana mpya kutoka Kananga, mkoani Kasai, aje kusoma mbele: «Kilulu.» Mdudu. Wawili watatu wakacheka.

Asiyekulia Katanga, kusini mwa Kongo, huenda asione uzito wake. Mwaka 1992 nilikuwa na miaka minane, Likasi, watu walipokuwa wakiwafukuza Wakasai na kuwazomea kwa neno hilo hilo. Niliona familia nzima zimelala kituo cha treni na masufuria yao, zikingoja mabehewa. Mwenzangu wa benchi moja shuleni alikuwa humo. Sijamwona tena.

Nikafunga daftari. Darasani mwangu, hapa Lubumbashi, wamo Waluba wa Kasai na wa Katanga, Wabemba, Wasanga, Walunda, Watshokwe, na kila mtu hujikalia na wa kwao. Zamani ningempigisha magoti aliyesema. Ila nimeona mara nyingi: ukiadhibu tu, neno linahamia uwanjani na kunona huko. Nikawasimulia kituo cha Likasi, nikasema neno hilo sitalivumilia. Hakuna aliyekohoa.

Kisha nikawapa kazi ya nyumbani: muulize nyumbani ni nani wa kwenu aliyefika Lubumbashi kwanza, alitoka wapi, kwa njia gani, kutafuta nini.

Mji wenyewe ulianza mwaka 1910, ukiitwa Elisabethville, kwa ajili ya shaba. Union Minière, kampuni ya migodi, ilitafuta wafanyakazi Kasai, Rhodesia ya Kaskazini (leo Zambia), hata Ruanda-Urundi. Reli ya kwenda Port-Francqui, leo Ilebo, ilikamilika mwaka 1928, nayo inapita Kananga. Hayo nilikuwa nikiyafundisha kila mwaka kama tarehe za mtihani, na ninajuta.

Kesho yake ubao ulijaa. Babu wa babu, mpishi wa Mzungu. Bibi aliyeuza samaki wa Luapula. Aliyesema lile neno alileta karatasi tupu. Siku tatu baadaye akarudi na mstari mmoja: babu yake mkubwa alivuka kutoka Rhodesia, kwa miguu, kuchimba shaba.

Wa mwisho kuandika alikuwa yule wa Kananga. Mwandiko wake mdogo, ameubana pembeni: «Mimi, mama na dada. Treni. Siku tisa.»

Yule wa benchi la nyuma akainua kichwa.

«Siku tisa? Sasa mulikuwa munakula nini?»

«Mihogo ya kukausha. Na Kamina mama mumoja alitupatia bukari.»

Akasogea kidogo kwenye benchi, akamwonyesha nafasi.