Shemeji, mwambie fundi akiache hicho kipini

Shemeji yangu wa Babati sasa ana bunduki. Kibali kipo, sanduku la chuma limefungwa ukutani, dada yangu kashanuna na kashasamehe. Ni bunduki ya marisau yenye mitutu miwili, mmoja juu ya mwenziwe, iliyotengenezwa Izhevsk kule Urusi na kupita mikono kadhaa kabla ya kumfikia. Aliitafuta kwa sababu ya nguruwe pori, ambao mahindi yakianza kubeba huingia usiku na kuyalaza yote chini.

Wiki iliyopita akanitumia ujumbe wa sauti. "Shemeji, bunduki ina ugonjwa. Kila nikiifungua kuweka risasi, sefti inarudi yenyewe. Naisukuma, napiga, nafungua, imerudi tena. Kuna fundi hapa mjini kaiangalia, anasema ndani mna kipini, akikikata mambo yamekwisha. Anataka elfu thelathini. Nimpe?"

Nikamwambia asimpe hata mia. (Sefti ni kile kifungo cha kuzuia triga isivutike.) Ila nilimjibu mbio mbio nikiwa chini ya trekta la mtu, na swali lenyewe huulizwa hata huku na watu waliokua na bunduki nyumbani kwao. Nimeona bora niliandike kwa utulivu.

Huku ni Lincolnshire, mashariki mwa Uingereza. Natengeneza matrekta na mashine za kuvunia. Wateja wangu ni wakulima, na wengi wao wana bunduki ya marisau kabatini. Walianza kwa kunipa fimbo nitembee na wenzangu vichakani kuwaamsha ndege, baadaye wakanifundisha kupiga, nami nikaomba cheti changu polisi, kile cha miaka mitano. Siku hizi Jumamosi nyingi nasimama kwenye uwanja wa kulenga visahani nikiandika alama za watu. Nimetazama vidole gumba vingi vikifanya kazi, na vingi vikisahau.

Sasa tuje kwenye chuma. Bunduki ya shemeji ni nzima kabisa. Nyuma ya mitutu, pale kitako kinapoanza, kuna wenzo wa kufungulia. Ukiusukuma kulia, mitutu inaachia na kuinama. Kwenye bunduki yenye sefti ya kujirudisha, mhimili wa wenzo huo unagusa kipini chembamba kilicholala ndani, nacho kinakisukuma nyuma kile kitelezo cha sefti unachokiona juu. Basi, hakuna ufundi mwingine uliofichwa. Umefungua, sefti imejifunga. Ukitaka kupiga, uisukume mbele mwenyewe. Kwenye bunduki ya sefti ya mkono kipini hicho hakipo, au ni kifupi hakifiki. Sefti inakaa ulipoiacha, hata ukifungua na kufunga kutwa nzima.

Ndiyo maana kubadilisha ni kazi ndogo, na mafundi bunduki wa huku wameizoea. Wanakitoa kipini kizima, wanakutilia kwenye bahasha, unakwenda nacho nyumbani. Siku ukibadili mawazo au ukitaka kuuza, kinarudishwa. Hawakikati. Na fundi anayetaja kukata kabla hajataja kutoa, mimi simpi hata koleo langu, maana karibu kabisa na kipini hicho kuna vishikio vinavyozuia nyundo, zile chuma za kuipiga risasi, na tupa ikipita pale kidogo tu, una bunduki inayoweza kulia yenyewe.

Kwa nini wakaiweka sefti ya kujirudisha? Bunduki za zamani nyundo zake mbili zilikuwa nje. Ulizivuta kwa gumba ulipokaribia kupiga, na aliyesimama hatua kadhaa kando yako aliziona kama zimevutwa au zimelala. Mwaka 1871 Murcott wa London akapata hataza ya bunduki isiyo na nyundo za nje. Mwaka 1875 wakaja Anson na Deeley, kwenye kampuni ya Westley Richards ya Birmingham, na mtambo ambao mitutu ikiinama ndiyo inayozikoki nyundo za ndani. Mpaka leo mtambo wao unatengenezwa. Lakini tazama uliacha nini: kila unapoifungua kuweka risasi, bunduki imeshakokiwa, utake usitake, na kwa nje hakuna dalili yoyote. Tendo lile lile linalokoki ndilo likapewa na kazi ya kufunga triga. Vijana wa uwanjani kwetu huiita sefti ya wazee. Sawa, lakini kilichoileta bado kimo ndani ya bunduki zao mpya.

Faida yake utaiona porini. Msimu wa fezanti, ndege wa kuwindwa, hapa Uingereza ni kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 1 Februari. Wapigaji wanapangwa mstari, sisi wa fimbo tunatokea upande wa pili wa msitu tukigonga miti, ndege wanaruka juu ya vichwa vya wapigaji. Mtu anapiga mara mbili, anafungua, maganda yanaruka nyuma, anaweka risasi mbili na kufunga, na wakati huo ndege wengine wanampita, mbwa wanakatiza miguuni, sisi tunachomoza kichakani na makoti yetu yamelowa. Muulize mtu huyo sefti yake iko wapi, hajui. Hana nafasi ya kujua. Kipini ndicho kinachojua kwa niaba yake. Kuna wenye uwezo wanaotumia bunduki mbili pacha na msaidizi wa kujaza: mmoja anapiga, anaipokeza tupu, anapokezwa iliyojaa, tena bila kuangalia. Bunduki iliyokokiwa, yenye risasi mbili, inapita katikati ya vifua viwili. Kanuni ni kwamba ipite ikiwa imefungwa sefti, na ile ya kujirudisha inaitimiza kanuni hiyo kila inapofunguliwa.

Kwa hiyo mimi nasema hivi: sefti ya kujirudisha hamfaidii sana aliyeishika bunduki. Inamfaidia aliye jirani yake. Mwenye bunduki anaiona usumbufu kwa sababu yeye ndiye analipa, na faida inakwenda kwa mtu mwingine.

Uwanjani hesabu inageuka. Pale tunapiga visahani vya lami na chokaa, kipenyo milimita 108 vile vya kawaida. Unatembea na bunduki ikiwa wazi na tupu, kila mtu anaona mwanga ndani ya mitutu. Unaijaza ukiwa umesimama kwenye kituo tu, mitutu ikielekea mbele ambako hakuna mtu. Unaita, visahani viwili vinatoka, unapiga, unafungua kabla hujageuka. Jirani analindwa na utaratibu wenyewe. Hapo sefti inayojirudisha inabaki kuwa mtego wa alama: ukiita kisahani kikatoka nawe hujaisukuma, ni sifuri. Hakuna kurudia, kosa ni lako. Mkulima mmoja wa viazi alikuwa akija na bunduki ya kuwindia aliyoachiwa na baba yake. Anaita, anavuta triga, kimya, kisahani kinaangukia majanini, anaitazama bunduki kana kwamba imemtukana, kisha ananitazama mimi. Nimeshaandika sifuri. Akaenda kutoa kipini, na tangu hapo hana sura ile. Sina ugomvi naye kwa hilo. Nyingi ya bunduki za trap, mashindano ya visahani vinavyorushwa kwenda mbali na mpigaji, hazina sefti kabisa, au imefungwa isifanye kazi, na sijaona anayeshtuka.

Ugomvi wangu naye unaanza Oktoba, anapoichukua bunduki ile ile kwenda kwa fezanti. Mkono umeshazoea uwanja. Na ubaya zaidi ni kuazimana. Kuna siku mgeni aliyekulia kwenye sefti ya kujirudisha aliazimwa bunduki ya sefti ya mkono, akapiga, akaijaza, akaanza kupenya ua wa miiba ikiwa imefungwa, na moyoni ana uhakika triga zimefungwa pia. Mzee aliyekuwa nyuma yake akamwamuru aifungue pale pale. Kitelezo kilikuwa mbele. Mgeni akabadilika rangi, na kwa mtu mweupe hilo linaonekana toka mbali.

Matrekta ya sasa yana swichi chini ya kiti: ukinyanyuka wakati shafti ya nyuma inazunguka, inakatika. Naletewa matrekta swichi hiyo ikiwa imeunganishwa kwa waya ili isisumbue. Mwenyewe anajua. Kibarua atakayeliendesha wiki ijayo hajui. Bunduki iliyotolewa kipini ni hivyo hivyo, na ndiyo sababu nashauri mwenye kutoa awaambie wote wa nyumbani wenye ruhusa ya kuigusa, na anayeuza amwambie mnunuzi.

Kuna kitu ambacho sefti zote mbili hazifanyi, na nadhani wengi hawakijui. Kwenye bunduki nyingi za mitutu miwili sefti inazuia triga tu. Nyundo ndani bado zimekokiwa, springi imebanwa, zimeshikiliwa na ncha ndogo ya chuma. Bunduki ikianguka kwenye jiwe, triga haijaguswa lakini ncha ile inaweza kuachia. Bunduki za bei kubwa zenye mitambo ya ubavuni huwa na kizuizi cha pili cha kuidaka nyundo ikichomoka. Usidhani ya kwako inacho. Kuruka mtaro, kupanda uzio, kupanda pikipiki: fungua, toa risasi, zitie mfukoni.

Na wale watakaouliza kuhusu pampu akisheni, kama zile wanazobeba walinzi: hizo hazijirudishi. Remington 870, iliyoanza kuuzwa mwaka 1950, ina kitufe cha kupenya nyuma ya triga, na pete nyekundu ikionekana ujue iko tayari kupiga. Mossberg 500 ina kitelezo juu. Ukipampu mara ngapi sijui, sefti inabaki ulivyoiacha. Aliyezoea hizo akishika ya shemeji ataiona mgonjwa, na nahisi fundi wa Babati kazoea hizo.

Tukarudi kwa shemeji juzi, safari hii kwa simu. Akasema hoja ambayo nilikuwa naisubiri: usiku, nguruwe katoka ghafla, gumba likisahau je? Nikamuuliza nani anashika tochi. Kimya kidogo. Ni Baraka, mwanawe, anatangulia hatua mbili mbele kwa sababu ndiye mwenye macho makali. Nikamwambia nguruwe akimponyoka atarudi kesho, wala hatakuwa na haja ya kumtafuta. Kipini kinabaki. Na Baraka ahamie nyuma, tochi ifungwe kwenye bunduki au aishike akiwa begani kwa baba yake.

Kazi niliyompa ni ya jioni, ndani, risasi zote zikiwa zimefungiwa chumba kingine: atafute risasi bandia, anyanyue bunduki kwenda begani huku gumba likisukuma sefti katika mwendo huo huo, wala si mapema wakati anatembea. Arudie mpaka lisiwe jambo la kufikiria. Kisha aifungue taratibu mara nyingi akiangalia kama kitelezo kinarudi hadi mwisho kila mara. Bunduki hiyo imeshatumika, kipini huchakaa, na sefti inayorudi nusu ndiyo ugonjwa wa kumpelekea fundi. Fundi mwingine.

Akajaribu tukiwa bado hewani, nikasikia klik, klik. Inarudi vizuri, akasema. Halafu akauliza kwa nini tundu la mtutu wa juu ni jembamba kuliko la chini, au nalo limeharibika? Nikamwambia hilo ni choki, mdomo umebanwa makusudi ili marisau yasitawanyike haraka, na trekta la watu linanisubiri.